Shahidi wa Moyo



Katika ukurasa wetu wa mwezi huu nataka kukuelezeni khabari ya kitu kidogo sana ambacho wengi wetu hatujapata kukisikia, nacho kinahusu kiungo ambacho kila mmoja wetu anacho kifuani mwake. Khabari yenyewe nimeipata kwa kijana mmoja niliyemsomesha chuoni kwangu hapa Pemba tangu alipokuwa hajui alifu wala bee mpaka akakhitimu. Baadaye aliendelea na skuli, akavuka bahari kwenda kusoma bara, na leo anafanya kazi katika maabara ya utafiti. Alipokuja nyumbani katika Idi iliyopita alinipitia barazani, akaniamkia, tukazungumza ya dunia. Kisha akatoa mfukoni kichupa kitupu, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho.

"Maalim," akasema, "humu mlikuwa na shahidi."

"Shahidi wa nini, mwanangu?"

"Shahidi wa moyo. Kazi yake ni kutwambia moyo unasema nini."

Kichupani palibandikwa kikaratasi chenye maandishi ya Kiingereza, nikamwomba anisomee. Mstari mmoja ulitaja homoni itokayo moyoni. Mstari wa pili ulisema kwamba kitu hiki kimepatikana kwa sungura. Na wa mwisho ulisema kwamba ni kwa utafiti tu, kisitumiwe kumpimia mgonjwa. Hilo la mwisho ndilo lililonishangaza. Ikiwa shahidi huyu ni mkweli, mbona anazuiwa asimfikie mgonjwa, na mgonjwa ndiye mwenye haja naye? Jawabu ya suali hili ndiyo makala yetu ya leo.

JIRANI YANGU

Lakini kabla ya jawabu, nina jambo la kukiri mbele yenu.

Nilikuwa na jirani, mchumaji hodari wa karafuu, ambaye alikuwa akipanda mkarafuu mrefu kama kijana na hali umri wake umepita miaka khamsini. Msimu mmoja tukamwona anapumzika baada ya kila mti. Msimu uliofuata hakupanda kabisa. Usiku hakuweza kulala chali. Alilala ameegemea ukuta, na akijisahau akajilaza, hushtuka akitafuta pumzi. Kisha miguu yake yote miwili ikavimba. Sisi watu wa Pemba tunayajua matende tangu enzi za mababu zetu, basi wako waliosema ni matende. Wengine wakasema ni pumu. Na wengine, kama ilivyo desturi yetu, wakasema pana mkono wa mtu.

Alinijia mimi nimsomee. Nikamsomea, nikamwandikia kombe, akanywa, akaenda zake. Sikumwuliza kama amepata kupimwa presha. Sikumwambia, "Ndugu yangu, nenda hospitali." Akaja tena, nikafanya yale yale. Mwaka mzima ukapita namna hiyo.

Hata siku bintiye alipomchukua kumpeleka kwa daktari, daktari alimbonyeza muundi kwa dole gumba, na alipouinua mkono pakabaki kishimo. Akampima presha akaikuta iko juu mno. Akautazama moyo kwa mashine, akawaambia kwamba umetanuka na umechoka. Jirani yangu alipewa dawa za kutoa maji na za kuteremsha presha, akapata nafuu, akawa analala kama watu walalavyo. Lakini moyo uliokwisha kuharibika haukurejea ulivyokuwa, na mwaka wa pili yake akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sisemi kwamba kisomo kilikuwa kosa. Kosa langu ni kwamba nilisoma nikanyamaza. Na kijana wangu aliponiambia kwamba moyo wa mtu kama yule huwa umekwisha kupiga mbiu damuni kabla ya watu kujua, nilishikwa na huzuni ambayo hata leo haijanitoka.

MOYO NAO HUNENA

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba kazi ya moyo ni moja tu, nayo ni kusukuma damu. Mwaka 1956 mtaalamu Bruno Kisch alitazama kwa hadubini yenye nguvu kubwa nyama ya vyumba vya juu vya moyo, akaona humo vichembe vidogo kama vile vionekanavyo katika tezi zinazotoa homoni. Mwaka 1964 Jamieson na Palade wakavieleza vichembe hivyo kwa urefu zaidi. Hata hivyo, hapana aliyejua vina kazi gani.

Mwaka 1981, huko Kingston katika nchi ya Canada, Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina, pamoja na wenzake walifanya jaribio lililofungua mlango. Walisaga nyama ya vyumba vya juu vya mioyo ya panya, wakaikamua, wakawadunga panya wengine maji yake. Punde si punde chumvi iliyotoka katika mikojo ya panya wale ikaongezeka zaidi ya mara 30, na mkojo wenyewe ukaongezeka mara 10. Waliposaga nyama ya vyumba vya chini vya moyo na kufanya vivyo hivyo, hawakuona jambo kama hilo. Basi ikajulikana kwamba moyo, pamoja na kusukuma damu, hutuma barua kwa figo, na barua hiyo ni homoni.

Mwaka 1984 Wajapani wawili, Kangawa na Matsuo, walibainisha umbo la homoni hiyo katika mwili wa binadamu, wakaikuta ni mnyororo mfupi wa asidi amino 28. Wataalamu huiita ANP. Mwaka 1988 wao na wenzao wakapata ndugu yake katika ubongo wa nguruwe, akaitwa BNP kwa jina la ubongo. Lakini baadaye ilibainika kwamba mtoaji wake mkubwa ni moyo wenyewe, khasa vyumba vya chini.

Tazameni hikima iliyomo. Damu ikizidi moyoni, kuta za moyo hutanuka, na kule kutanuka ndiko kunakozifungulia homoni hizi. Homoni huziambia figo ziachie chumvi na maji, na huiambia mishipa ya damu ilegee. Mzigo hupungua, moyo ukapumua. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walipozalisha panya wasio na urithi wa kutengeneza ANP, panya wale walipatwa na presha ya juu.

Lakini moyo unapochoka sana, homoni hizi humwagika kwa wingi nazo hazitoshi, kwani ziko homoni nyingine mwilini ambazo hung'ang'ania chumvi na maji yasitoke. Wazee wetu husema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Moyo wa jirani yangu ulikuwa ukipiga mbiu, na sisi tulikuwa tukijadiliana habari za matende.

GRAMU MOJA KATIKA KIWANJA

Basi mtu atauliza: ikiwa homoni imo damuni, si itolewe damu ikatazamwe? Shida ni uchache wake. Kiasi cha BNP ambacho madaktari wamekuwa wakikitumia kama mpaka wa kumshuku mgonjwa mwenye dhiki ya pumzi ni picogramu 100 katika mililita moja ya damu. Tufanye hesabu tuielewe. Chukua kiwanja cha mpira kama kile cha Gombani, chenye urefu wa mita 100 na upana tuseme wa mita 50. Kizungushie ukuta, kisha kijaze maji mpaka kimo cha mita 2. Halafu tia gramu moja ya sukari, ukoroge. Ndio kiasi hicho. Na damu si maji matupu, bali imejaa vitu vingine maelfu. Hapana jicho wala hadubini itakayomtafuta mtu mmoja katika umati kama huo. Anatakiwa shahidi ambaye anamjua yule mmoja kwa sura, akimwona amshike mkono asimwachie.

NAMNA YA KUMPATA SHAHIDI

Shahidi huyo ni kingamwili. Kila mwenye damu kama yetu, akiingiwa na kitu kigeni mwilini, mwili wake hutengeneza kingamwili za kukishika kitu kile, kila moja na chake, kama ufunguo na kufuli yake. Na msidhani kwamba kitu hiki ni kigeni majumbani mwetu. Kile kipimo cha haraka cha malaria, ambacho kidole hudungwa na tone la damu likatiwa katika kibao cheupe mpaka mstari ukatokea, kinafanya kazi kwa kingamwili. Na kile kipimo ambacho wake zetu hukinunua dukani kujua kama wana mimba, nacho ni kingamwili inayoishika homoni ya mimba iliyomo katika mkojo.

Kwa homoni ya moyo, hufanywa hivi. Homoni yenyewe ni ndogo mno, na mwili wa sungura haushtuki kwa kitu kidogo kama hicho. Basi huambatishwa na protini kubwa. Protini itumiwayo mara nyingi hutoka katika damu ya aina ya konokono wa baharini mwenye tundu juu ya gamba lake, apatikanaye pwani ya California. Sungura akidungwa mchanganyiko huo mara kadhaa, mwili wake hutengeneza kingamwili. Hutolewa damu kidogo, zikachujwa kingamwili zile, zikatiwa kichupani. Na msomaji atakayeuliza juu ya damu ya mnyama ajue kwamba kitu hiki hakinywewi wala hakitiwi mwilini mwa mgonjwa. Hukutanishwa na damu yake ndani ya chombo, nje ya mwili.

Njia ya kupima homoni kwa kingamwili ilianzishwa Marekani na Rosalyn Yalow pamoja na Solomon Berson, ambao mwaka 1960 walieleza jinsi walivyopima insulini katika damu ya binadamu. Berson alifariki mwaka 1972, na Yalow akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Na mwaka 1975, mjini Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kuunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani, ikawa seli moja isiyokoma kuzaliana, yenye kutoa kingamwili ya namna moja tu siku zote. Milstein naye, kama de Bold, alizaliwa Argentina.

SHAHIDI NAYE HUULIZWA

Sasa turejee kwenye kile kikaratasi. Mbona shahidi azuiwe?

Sisi watu wa chuoni tunalijua jambo hili kuliko wengine. Wanavyuoni wa hadithi hawakulipokea neno kwa kuwa msemaji amesema tu. Waliuliza: Ni nani? Amesikia kwa nani? Je, hifadhi yake ni madhubuti? Hapati kuchanganya jina la mtu na jina la mwingine? Wapokezi wengi waliokuwa watu wema waliachwa kwa sababu ya hifadhi dhaifu, wala hapana aliyesema kwamba kuuliza huko ni dharau. Kadhi naye hamkubali shahidi kwa kuwa amevaa kanzu safi.

Kingamwili nayo huulizwa vivyo hivyo. Kwanza, hupewa homoni ya kiasi kinachojulikana, ikatazamwa kama itatoa khabari ya kiasi kile kile. Pili, hushibishwa kwanza kwa homoni yenyewe, kisha ikapelekwa penye nyama ya moyo. Ikiwa bado inadai kwamba imeiona homoni pale, basi imeshika kingine. Tatu, hupelekwa kwa panya wale niliowataja, wasio na urithi wa ANP. Ikisema "nimeiona" mahali ambapo haipo, huo ni ushahidi wa uwongo. Nne, hujaribiwa kwa ndugu wa homoni hiyo, kwani ANP na BNP zinafanana, kila moja ina pete ya asidi amino 17, na shahidi mwenye macho dhaifu huweza kumtaja Hasan akidhani ni Husein.

Wala khatari hii si ya kubuni. Mwaka 2015 wanasayansi zaidi ya 100 walitia mkono wao katika wito uliochapishwa katika gazeti la kitaalamu la Nature, wakitaka kingamwili zitumiwazo katika utafiti ziwe na vipimo vya kuaminika, kwa sababu nyingi zilizokuwa zikiuzwa zilishika visivyokusudiwa, na zilizotoka kwa sungura mmoja hazikuwa sawa na zilizotoka kwa mwingine. Utafiti mwingi ulipotea bure, miaka ya watu na mali, kwa kumwamini shahidi asiyeulizwa.

Basi kile kikaratasi hakisemi kwamba shahidi huyu ni mwongo. Kinasema kwamba ameulizwa kwa kazi ya maabara tu, wala hajaulizwa kwa kazi ya kumhukumia mgonjwa. Vipimo vya hospitali vya homoni hii vipo, lakini hivyo vimepitishwa katika mitihani mingine, juu ya wagonjwa wengi. Mwaka 2002 ilitangazwa khabari ya watu 1,586 waliofika hospitali na dhiki ya pumzi; kipimo cha BNP, kwa ule mpaka wa picogramu 100, kilisema kweli kwa kiasi cha watu 83 katika kila 100. Ni shahidi mwema, lakini si maasumu. Uzee humpandisha, maradhi ya figo humpandisha, na unene humteremsha. Ndiyo maana hata aliyekwisha kuthibitishwa hutoa ushahidi tu, na hukumu hubaki kwa daktari.

"Maalim," kijana wangu aliniambia, "siku nzima mimi namwuliza shahidi. Kupima chenyewe ni kazi ya saa chache." Nilifurahi kwa neno hilo kuliko zawadi aliyoniletea.

NA SISI HUKU

Pengine mtasema kwamba haya ni mambo ya Canada na Japani. La, sivyo. Katika hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari waliwafuata wagonjwa 427 wa moyo kushindwa, wakachapisha khabari zao mwaka 2014. Sababu iliyoongoza ilikuwa ni presha, asilimia 45. Na wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 55 tu, umri wa mtu ambaye bado ana watoto wa kuwasomesha. Ndio umri wa jirani yangu, na ndio umri wangu mimi ninayeandika.

Na hapa Pemba kwetu, tangu mwaka 2000, pale Wawi karibu na Chake Chake, iko maabara ya afya ya jamii yenye jina la Ivo de Carneri, Mtaliana aliyekuwa mtaalamu wa vimelea. Humo vijana wetu wamefanya kazi ya kichocho na minyoo, na ya afya ya kina mama na watoto wachanga. Basi enyi vijana msomao ukurasa huu, msidhani kwamba elimu ya kichupa kile imeandikiwa watu wengine. Aliyejifunza chuoni kutofautisha sini na swadi amekwisha kujifunza mwanzo wa kazi ile, nao ni kutotosheka na kinachofanana.

Lakini nisingependa mwende na kichupa mkaacha lililo karibu zaidi. Mpaka kipimo cha homoni kifike kila mahali, tunao mashahidi wengine ambao hawahitaji sungura wala maabara. Mtu akichoka kwa kazi ambayo jana hakuichokea. Akiwa hawezi kulala ila ameinuliwa kwa mito. Akiamka usiku akitafuta pumzi. Miguu yote miwili ikivimba, na ukiibonyeza kwa kidole pakabaki shimo. Mtu huyo asiambiwe ni matende, wala asiambiwe ni jicho la mtu, mpaka kwanza amefika kwa daktari. Na kila aliyefika miaka arubaini apimwe presha hata kama hasikii maumivu, kwani presha huharibu kimya kimya. Na tupunguze mkono wa chumvi majikoni mwetu. Ng'onda na papa wa chumvi ni vitamu, lakini moyo unaohangaika kuitoa chumvi haufai kuongezewa mzigo.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu wenzangu. Watu hutujia sisi kabla ya kwenda kwingine, kwa sababu wanatuamini. Amana hiyo ni nzito. Tuwasomee, tuwaombee, wala hapana anayetukataza, lakini kabla mtu hajainuka mkekani, tumwulize: "Umepimwa presha lini? Unalala vipi usiku? Hebu nionyeshe miguu yako." Maneno matatu tu. Mimi sikuyasema kwa mwaka mzima, na sasa ninayemwambia hayupo. Tangu kijana wangu aondoke, kile kichupa kitupu nimekiweka juu ya rafu, pamoja na wino wa kombe, ili kila ninapochukua wino nikione.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaouliza kabla hawajahukumu.

Wabillahi tawfiq.